Nani Alipe Gharama ya Ukungu?

Msomaji, huenda unasoma ukurasa huu katika chumba ambacho ukuta wake mmoja umeota weusi. Kama unakaa Kayole, Huruma, Pipeline au Dandora, au katika nyumba za zamani za Kaloleni, Maringo na Jericho, huhitaji kuelezwa kitu hicho ni nini. Huanza kama kivuli kidogo katika pembe ya dari. Masika yakishika, kivuli hukua kikawa na upana wa bakuli, kisha wa sinia, na harufu yake hupenya mpaka katika sare ya shule iliyotundikwa msumarini. Lugha yetu imekiita ukungu, jina lilelile la mvuke unaoifunika barabara ya Jogoo asubuhi za Julai. Lakini ukungu wa barabarani huondoka jua likipanda. Wa ukutani hukaa, na mpangaji huulipia kodi kila mwezi.

Neno langu ni moja. Gharama ya ukungu wa nyumba ni deni la mwenye nyumba, na siku zote limekuwa likilipwa na mpangaji. Sitaki huruma inisaidie kulithibitisha. Hesabu na sheria zatosha.

Kwanza tujue adui ni nani. Kuvu ni kiumbe hai. Mbegu zake, ndogo zisizoonekana kwa macho, zimo hewani kila mahali, hata katika majumba ya Muthaiga. Zinachongoja ni maji. Ukuta mkavu hauoti kitu. Kwa hiyo swali la ukungu ni swali la maji: yametoka wapi? Yametoka katika paa lisilozibwa, katika bomba linalovuja ndani ya ukuta chini ya bafu la ghorofa ya juu, katika ardhi yanakopanda kuta za zamani taratibu kama mafuta yapandavyo utambi, na katika mvuke wa kupikia usio na pa kutokea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya kifua, pumu ikiwa mojawapo.

Najua jibu la wenye nyumba, maana nimelisikia mara nyingi likisemwa ngazini kwa sauti ya juu. Wapangaji wenyewe ndio wenye makosa! Wanapika ndani, wanaanika nguo ndani, hawafungui madirisha. Sikatai kwamba sufuria inayochemka katika chumba kilichofungwa huongeza unyevu. Lakini mtu aliyepangishwa chumba kimoja atapikia wapi ila ndani ya chumba hicho? Na madirisha hayo yafunguliwe yatazame nini? Pipeline kuna majengo ya ghorofa saba na nane yaliyosimama karibu karibu hata jirani angeweza kumpa jirani chumvi kwa kunyoosha mkono dirishani, na taa huwashwa saa sita mchana. Mpangaji hakuichora ramani ile. Alipofika aliukuta ukuta umekwisha kusimama mbele ya dirisha lake, akaulizwa kama ana amana ya mwezi mmoja.

Sasa tuketi na hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano; wewe weka za kwenu. Tuseme mama mmoja amepanga chumba kwa shilingi 6,000 kwa mwezi, naye hufua nguo za watu kwa shilingi 600 kwa siku. Katika masika mamoja mtoto wake anashikwa na kikohozi, anampeleka zahanati mara mbili kwa shilingi 800 kila mara. Siku tatu hakwenda kazini. Godoro lililoegemea ukuta likaoza, akanunua jingine kwa shilingi 5,000. Alipochoka akatoa notisi ya kuhama, na hapo akaambiwa kwamba shilingi 3,000 zimekatwa katika amana yake kwa ajili ya rangi, kwa kuwa ameharibu ukuta. Jumla ni shilingi 11,400, karibu kodi ya miezi miwili, wala hakuna risiti ya kodi iliyoitaja. Kisha fundi akaja akapaka rangi nyeupe juu ya weusi pasipo kuligusa bomba, na mpangaji mpya akakaribishwa katika chumba kinachonukia upya. Rangi ile imelipiwa na aliyeumizwa ili adanganywe atakayemfuata. Nikipata neno laini kuliko wizi nitalitumia. Mpaka sasa sijalipata.

Wako wanaodhani kwamba mpangaji maskini hana sheria. Anayo, tena si moja. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamfunga mkodishaji kwa ahadi ambazo huhesabiwa kuwamo katika mkataba ingawa hazikuandikwa: chumba cha kukaa kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu tangu siku ya kwanza, na kidumu hivyo muda wote wa upangaji, na ikikodishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake kuvitengeneza. Ya tatu ni kongwe kuliko nyumba nyingi za Eastlands. Ni Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya mwaka 1921. Hiyo yaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya, au yenye upungufu wa mwanga na hewa, kuwa ni udhia uliokatazwa. Na udhia ukitokana na kasoro ya jengo lenyewe, ilani ya kuuondoa yapelekwa kwa mwenye nyumba. Walioitunga walikuwa wakoloni, wala hawakusifika kwa kumpenda mpangaji wa Pumwani. Hata hivyo walijua ukuta ni wa nani.

Basi kwa nini weusi ungali ukutani? Kwa sababu mlango wa sheria umewekwa mbali na mwenye shida. Liko baraza la kudhibiti kodi za nyumba, lililoundwa hasa kwa ugomvi wa wapangaji wadogo. Lakini sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitafutie chumba cha mawe chenye umeme Umoja au Pipeline kwa kiasi hicho. Bei zimepanda ngazi mpaka ghorofa ya nane, na kikomo kimebaki uani.

Katika mitaa ya zamani mambo yamepindika zaidi. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, pamoja na Maringo, Jericho na nyinginezo zilizofuata, zilikuwa mali ya Baraza la Jiji, na mwaka 2013 Kaunti ya Nairobi ikazirithi. Maafisa wa afya ya umma wanaopaswa kuandika ilani nao ni watumishi wa kaunti hiyohiyo. Yaani mkono wa kulia ungoje uandike barua ya kuushtaki mkono wa kushoto!

Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma wakati wa mvua kubwa, likaua watu karibu 50, na nchi nzima ikasikia. Ukuta unaoanguka una kishindo. Ukuta unaooza hauna, na anayekohoa usiku nyuma yake husikiwa na mama yake tu.

Usidhani kwamba dhuluma hii ni ya nchi maskini peke yake. Mwezi wa Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, Uingereza, alifariki mtoto wa miaka miwili aliyeitwa Awaab Ishak, mwana wa wazazi waliotoka Sudan. Baba yake alikuwa amelalamika juu ya ukungu tangu 2017, akaambiwa aupake rangi. Shirika lililowapangisha lilidhani kwamba unyevu ule umeletwa na desturi za familia yenyewe. Ni lile jibu la ngazini kwetu, limevaa koti. Mwezi wa Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi kwamba mtoto alikufa kwa maradhi ya kifua yaliyoletwa na kuvu ya nyumbani mwao. Wazazi hawakunyamaza. Sheria mpya ikapitishwa mwaka 2023, ikabeba jina la mtoto wao, na tangu Oktoba 2025 wapangishaji wa nyumba za jamii wanapaswa kuchunguza ukungu wenye hatari kubwa ndani ya siku 10 za kazi, na ikiwa ni jambo la dharura, ndani ya saa 24. Siku kumi! Kwetu masika mazima hupita, na vuli zikaja juu yake.

Labda utasema, mimi ni mwanafunzi, nitafanya nini? Katika nyumba nyingi za Eastlands wewe ndiye mwandishi wa barua. Andika basi. Taja tarehe, namba ya chumba, ukuta upi, na lini maji yalianza kuingia. Piga picha. Weka nakala, na uziweke risiti za zahanati na ya godoro, kwa maana pasipo karatasi hizo hakimu atasikia neno la mmoja juu ya neno la mwingine. Tangu mwaka 2021 Nairobi ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwamo ya fedha zilizoshikwa na mtu mwingine na ya mali iliyoharibiwa. Mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na shauri lapaswa kumalizika katika siku 60. Amana iliyokatwa kwa hila ni fedha iliyoshikwa na mtu mwingine, na godoro lililooza ni mali.

Mama ataogopa kwamba mtafukuzwa. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana vyumba ni haba na mwenye nyumba ana ufunguo. Lakini ukungu hauoti katika chumba kimoja. Bomba linalovuja kwenu limepita kwa jirani wa chini. Piga hodi kwake. Barua yenye sahihi za vyumba kumi ni vigumu kuijibu kwa kumfukuza mtu mmoja. Nakala ya pili mpelekee afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yenu, ukimtajia Sheria ya Afya ya Umma kwa jina lake, na kabla hujatoka ofisini mwombe aitie sahihi na tarehe ya kuipokea.