Zahanati na wapiganaji wa zamani: kwa nini ngazi na mlango ni sehemu ya tiba

Vita vya Kagera vilimalizika mwaka 1979. Kijana aliyekwenda vitani akiwa na miaka 20 sasa ameshavuka 65. Wapo waliorudi vijijini, wakiwemo wanamgambo, na leo wakiumwa huanzia zahanati kama mtu mwingine yeyote. Je, jengo lenyewe linawapokea?

Swali hili si geni duniani. Jijini London, Mfalme Charles II alianzisha Royal Hospital Chelsea mwaka 1682, makazi ya askari wazee na majeruhi. Mchoraji wa majengo hayo, Christopher Wren, aliweka ngazi zenye vidato vifupi ili mzee apande bila kuinua mguu sana. Hapo alimfikiria mtumiaji. Lakini kila askari alipewa kijichumba cha takriban mita 1.8 kwa 1.8. Baadaye vilipanuliwa, ila choo na bafu la mtu binafsi vimepatikana katika ukarabati wa miaka ya karibuni tu. Kosa la kwenye mchoro liliishi zaidi ya miaka 300.

Marekani nayo ina hospitali zake za askari wastaafu. Baadhi yao wana majeraha yasiyoonekana: usingizi hauji, kishindo kidogo kinawashtua. Mwaka 2007 hospitali hizo zilianza kukagua wodi za afya ya akili kwa orodha maalumu, chumba kwa chumba, na kuondoa chochote ambacho mgonjwa angeweza kujidhuru nacho. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa vifo vya kujiua ndani ya wodi hizo vilipungua sana. Kurekebisha vyumba kuliokoa maisha.

Kwetu, zahanati nyingi huanza kwa nguvu za wananchi: tunachanga fedha, tunasomba mchanga na kufyatua matofali. Maana yake ni kwamba tunayo nafasi ya kusema kabla zege halijamwagwa.

Wako watakaosema kijiji hakina fedha za mambo hayo. Tunaelewa. Lakini kuvunja ngazi na ukuta baadaye ni gharama mara mbili, na mgonjwa anayerudi nyumbani kwa sababu ameshindwa kuingia hatibiwi kabisa.

Kwa hiyo, kwenye mkutano wa kijiji muulizeni fundi mambo manne:

Kwanza, je, kuna njia ya mteremko mlangoni? Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: baraza yenye kimo cha sentimeta 30 inahitaji mteremko wa mita 3.6.

Pili, je, mlango una upana wa sentimeta 90 hivi, ili kiti cha magurudumu kipite?

Tatu, je, choo kimoja kina nafasi ya kugeuza kiti hicho, mahali pa kukalia na chuma cha kushikilia?

Nne, je, kuna chumba ambacho mtu anaweza kuzungumza na mganga bila foleni nzima kusikia? Mpiganaji anayeota vita usiku hawezi kulieleza hilo mbele ya majirani.

Na kabla ya kuuliza, mwiteni mzee mmoja aliyepigana vita akague mchoro pamoja nanyi. Mama mjamzito na mtoto aliyevunjika mguu watapita njia hiyohiyo.