Kulwa na Doto Mbele ya Kompyuta

Usukumani mapacha huwa na majina kabla hawajazaliwa: atanguliaye ni Kulwa, amfuatiaye ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Muuguzi anayejaza kadi za kliniki katika kata ya Samuye, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, hahitaji kuelezwa jambo hilo. Kompyuta huhitaji. Mfumo wa usajili uliofundishwa kwamba watu wawili wenye mama mmoja, ubini mmoja, kijiji kimoja na tarehe moja ya kuzaliwa ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, utamwona Doto kuwa nakala ya Kulwa. Ukimkataa, angalau muuguzi atalalamika. Ukiwaunganisha kimyakimya, chanjo aliyopewa Kulwa katika wiki ya 6 itahesabiwa kuwa ya wote wawili, na Doto hatatafutwa na mtu, si wiki ya 10 wala ya 14.

Kosa la namna hii halipatikani kwa kukagua mistari ya programu peke yake, kwa sababu mistari hiyo inafanya kile hasa ilichoagizwa. Mahali pa kulinasa ni katika jaribio la kukubalika, yaani jaribio ambalo kwalo mpokeaji wa mfumo huamua kuupokea au kuurudisha. Mara nyingi jaribio hilo hufanyika katika ukumbi wa mikutano wenye umeme na mtandao wa kasi, na mgonjwa anayeandikishwa ni «Juma Juma», aliyezaliwa tarehe 1 Januari, mwenye simu yake mwenyewe. Mwanafunzi wa fasihi angemwita Juma Juma mhusika bapa. Hana historia, hana shida, na mfumo wowote utamhudumia vizuri.

Dawa yake ni wahusika duara. Mbunifu wa Kimarekani Alan Cooper alilieneza wazo hili katika kitabu chake cha mwaka 1999: mjenzi wa programu asimjengee «mtumiaji» asiye na sura, bali mtu wa kubuni mwenye jina, kazi, haja na vikwazo vinavyotokana na watu halisi waliohojiwa. Kwa Samuye, mhusika mmoja angekuwa Kabula, mwenye miaka 19, mama wa mapacha, ambaye simu anayoitumia ni ya mama mkwe wake. Wa pili angekuwa Ng'wandu, mchimbaji mdogo aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu akiwa Mwakitolyo, kisha akahamia Nyarugusu mkoani Geita kabla miezi 6 ya matibabu haijatimia. Jina lake pekee ni mtihani: ziko programu ambazo ritifaa iliyo baada ya «Ng» huzikwamisha, ama huilazimisha kuondolewa, na kituo cha pili kikimtafuta kwa jina lililoandikwa vingine hakimpati. Wa tatu angekuwa muuguzi aliye peke yake zamu nzima, ambaye mtandao humkatikia katikati ya fomu.

Wahusika hawa wakibaki kwenye mabango ya ukutani, hawamsaidii mgonjwa. Hapo ndipo ufundi wa kuandika programu kwa vitu unapofaa. Kila mhusika huandikwa ndani ya jaribio kuwa kitu chenye sifa zake na matendo yake: Kabula anaandikisha, anatafuta kadi, anapokea ujumbe. Namna ya kubofya na kujaza huhifadhiwa mahali pamoja, hivi kwamba mpangilio wa ukurasa ukibadilika, fundi hurekebisha sehemu hiyo moja na wahusika wote wakaendelea na kazi yao. Tena jaribio hujiendesha lenyewe kila programu inapofanyiwa badiliko, hata dogo. Kosa la Doto lililosahihishwa mwezi Machi haliwezi kurudi Septemba pasipo mtu kujua.

Kwamba huduma inaweza kujengwa kwa kuanzia na mtu wa kijijini, mkoa wa Shinyanga una ushahidi wake. Mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ulianzia Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama hatakiwi kuwa na simu janja. Hupigwa namba 115 bila malipo, mpokeaji wa simu ndiye anayeitumia programu, na gari la wagonjwa likiwa mbali huitwa dereva wa jamii. Ugumu wa teknolojia umewekwa kwa yule anayeumudu.

Wapo watakaosema kwamba mhusika wa kubuni si mtu, na kwamba taarifa za wagonjwa halisi zingejaribu mfumo vizuri zaidi. La kwanza ni kweli, na ndiyo maana mhusika aliyetungwa mjini na mtu asiyepata kufika Usukumani ni hatari kuliko Juma Juma: anadanganya akiwa amevaa lubega. La pili halikubaliki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kadi ya mgonjwa wa kifua kikuu si chombo cha mazoezi ya fundi. Ng'wandu wa kubuni hana siri ya kuvuja.

Kilicho kigumu zaidi ni madaraka. Mganga mfawidhi wa zahanati huitwa kwenye mafunzo mfumo ukiwa umeshanunuliwa, akafundishwa kuuzoea. Afadhali aitwe mapema, awataje watu wanaomshinda kuwaandikisha, kisha mkataba useme wazi kwamba Kabula, Ng'wandu au muuguzi wa zamu akishindwa kumaliza shughuli yake, mfumo haujapokelewa na malipo ya mwisho hayatolewi. Wahusika waongezwe kila vituo vinapokutana na mgonjwa ambaye fomu haikumtazamia. Gharama ya kumwandika Doto ni saa chache za fundi, pamoja na siku ya kuwasikiliza wauguzi wa Samuye na Tinde kabla mkataba haujatiwa saini.