Return to Oz na Kipimo cha 1939

Return to Oz ilipoingia kwenye kumbi za sinema za Marekani mnamo Juni 1985, ilikuwa imekwisha kula dola zipatazo milioni 28 za kampuni ya Disney. Mauzo ya tiketi nchini humo yalirudisha takriban milioni 11. Wahakiki wengi waliiona nzito na yenye huzuni, filamu ya kuwatisha watoto badala ya kuwafurahisha. Mwongozaji wake, Walter Murch, hajaongoza tena filamu ndefu ya sinema.

Toleo hili linazirudia filamu za safari za kichawi zilizowavunja moyo watazamaji wake, na hii inastahili kutangulia. Ndani yake zimechanganyika sababu mbili za kuvunjika moyo, na anayeitazama mara moja tu hawezi kuzitenganisha: ile ambayo mtazamaji aliingia nayo ukumbini, na ile iliyomo kwenye filamu yenyewe.

Waliokata tiketi mwaka 1985 walikuja na The Wizard of Oz ya 1939, yenye nyimbo, rangi za kung'aa na Judy Garland, aliyeigiza kama Dorothy akiwa na umri wa miaka 16. Inasahaulika kwamba hata filamu hiyo haikuleta faida ilipotoka mara ya kwanza. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1956, ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka mpaka familia zikaikariri. Kwa maneno mengine, filamu iliyotazamwa mara moja ilikuwa ikishindanishwa na filamu iliyotazamwa tangu utotoni. Disney nayo iliongeza utata. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900 viatu vya uchawi ni vya fedha. Wekundu wa yakuti ulibuniwa mwaka 1939 ili viatu vipendeze katika filamu ya rangi. Disney iliilipa MGM, kampuni iliyotengeneza filamu ya 1939, ili ivitumie viatu hivyo vyekundu. Mtu akivaa kanzu ya kuazima, asishangae wapita njia wakimwita kwa jina la mwenyewe.

Murch hakuwa akiifuata filamu ile. Alirudi kwa Baum, akaunganisha vitabu viwili, cha 1904 na cha 1907, na sura za viumbe akazichukua zaidi kwenye michoro ya John R. Neill. Dorothy wake, Fairuza Balk, ni mtoto kweli, kama wa vitabuni. Hadithi inaanza miezi sita baada ya kimbunga kilichompeleka Oz. Msichana hapati usingizi na hachoki kuisimulia nchi ya Oz, hata Shangazi Em anaamua kumpeleka kwa daktari anayetibu kwa umeme.

Hapo ndipo wazazi wengi waliposhtuka, na hapo ndipo kutazama tena kunapolipa zaidi. Kabla ya kupata sifa ya uongozaji, Murch alikuwa fundi wa sauti. Apocalypse Now ilimpa tuzo ya Oscar. Mtazamaji wa mara ya kwanza huiona mikanda ya kitanda na giza la ukumbi wa hospitali, akamwogopea mtoto. Wa mara ya pili husikia magurudumu ya kitanda hicho yakilia kwa kukosa mafuta, na anajua tayari kwamba mlio huohuo unangoja huko Oz, kwa Wheelers, viumbe wenye magurudumu badala ya viganja na nyayo. Daktari anamwonyesha Dorothy mashine yake kana kwamba ina uso, na baadaye uso wa aina hiyo unaonekana kwa Tik-Tok, askari wa shaba. Muuguzi mkali (Jean Marsh) anageuka Mombi, mchawi anayebadilisha vichwa kama wengine wanavyobadilisha vilemba. Daktari mwenyewe (Nicol Williamson) anakuwa Mfalme wa Nome. Mambo haya hayakufichwa. Yaliwekwa mahali ambapo mtu anayesubiri wimbo uanze hawezi kuyaona.

Ufundi wake nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Tik-Tok haendeshwi na kompyuta. Ndani yake yumo Michael Sundin, mwanasarakasi wa Uingereza, amejikunja hadi kichwa kikawa katikati ya miguu, anatembea kinyumenyume akifuata njia kwenye kiskrini kidogo cha televisheni. Mfalme wa Nome ni kazi ya udongo ya Will Vinton, uliosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Uso unajitokeza kwenye mwamba, na kila rafiki wa Dorothy anapogeuzwa pambo, mfalme anazidi kuwa mtu. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya athari maalumu za picha, na kwa jicho la leo sehemu hizi zimezeeka vizuri kuliko filamu nyingi za baadaye.

Kuhusu hofu, shutuma za 1985 zilikuwa na haraka. Msomaji aliyekulia kwenye ngano za zimwi linalobeba mtoto ndani ya ngoma hatauliza kwa nini hadithi ya watoto inatisha. Atauliza kama mtoto anatoka ngomani kwa akili yake mwenyewe. Dorothy anatoka hivyo.

Hata hivyo, mtindo wa siku hizi wa kuita kila filamu iliyoanguka kazi bora iliyoonewa haufai kufuatwa. Sanamu la kutishia ndege, ambaye safari nzima ni ya kumwokoa, anaonekana kwa dakika chache na uso usiocheza. Mtu wa bati na simba ni kama wageni waalikwa. Kisa cha Ozma, mtawala halali wa Oz, kinafungwa kwa pupa. Kasoro hizi haziondolewi na miaka, na pengine zinaonekana zaidi sasa mshtuko ukiwa umepoa. Baadhi zina chanzo kinachojulikana. Bajeti ilibanwa. Murch alifukuzwa wiki chache baada ya upigaji picha kuanza nchini Uingereza, akarudishwa George Lucas alipoingilia kati, na uongozi wa Disney ulioikubali filamu ukabadilishwa mwaka 1984 kabla haijatoka. Lakini chanzo si udhuru. Mtazamaji hutazama kilichobaki kwenye skrini.

Filamu iliendelea kuishi kwenye kanda za video na televisheni, mikononi mwa watoto ambao hawakuwa na deni na 1939. Wengi wao wamekua sasa, na wakirudi kuitazama wanakutana na mwisho ambao mtoto huupita haraka. Dorothy yuko chumbani kwake Kansas, anamwona Ozma kwenye kioo, anamwita Shangazi Em kwa furaha. Ozma anaweka kidole mdomoni. Shangazi anapouliza kuna nini, msichana anajibu kwamba ni taswira yake tu. Mtoto huona hapo siri tamu. Mtu mzima anakumbuka nani alimpeleka kwa daktari wa umeme, anagundua kwamba katika filamu nzima Em hakumuuliza hata mara moja kuhusu safari ile, na anaona kwamba Dorothy amejifunza kutomwambia.