Hesabu ya Vitu Vitatu Visivyojulikana

Wanafunzi wengi huogopa hesabu za herufi waonapo vitu vitatu visivyojulikana kwa pamoja. Sisi twaona hofu hiyo haina msingi, kwani hapa Kolwezi baba zao huikuta hesabu hiyo kila wauzapo mawe.

Tutunge mfano. Mchimbaji apeleka depo magunia ya namna mbili: heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti, na malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Kila safari mnunuzi amkata ada ileile, wala haitaji. Safari ya kwanza, kobalti 3 na shaba 2: alipwa faranga 330,000. Ya pili, kobalti 1 na shaba 2: 170,000. Ya tatu, kobalti 1 na shaba 1: 120,000.

Toeni ya pili katika ya kwanza. Shaba yatoweka, na ada nayo. Yabaki magunia 2 ya kobalti kwa 160,000, yaani 80,000 kila moja. Toeni ya tatu katika ya pili: gunia la shaba ni 50,000. Jumla yao ni 130,000, naye alipokea 120,000. Basi ada iliyofichwa ni 10,000, na mama atunzaye karatasi za mauzo aweza kuidai sababu yake.

Lakini angalieni: bei ikibadilika kati ya safari, au mawe yakiwa hafifu, hesabu yavunjika. Na karatasi mbili za mizigo iliyo sawasawa zahesabiwa moja tu, maana ya pili haisemi jipya.