Mtani Ndiye Anayekuja Msibani

Magazeti yetu huziita timu mbili zinazoshindana kwa miaka mingi "watani wa jadi". Nadhani neno hilo limebeba hekima kuliko wanavyojua wanaoliandika. Mtani hukukejeli hadharani, lakini ukifiwa ni yeye anayeingia msibani na kushika kazi.

Nimelikumbuka hilo nikitafakari vyuo vikuu viwili vya Marekani, Texas na Texas A&M, ambavyo timu zao za futiboli ya Kimarekani zilikutana mara ya kwanza mwaka 1894. Kwa desturi, wanafunzi wa A&M walijenga mnara wa magogo na kuuchoma kabla ya kuwakabili Texas. Novemba 18, 1999, mnara uliporomoka ukiwa bado unajengwa, ukaua watu 12. Siku nane baadaye pambano lilichezwa. Wakati wa mapumziko bendi ya Texas, naam, ya wapinzani, ilipiga nyimbo za maombolezo na kuvua kofia. A&M ikashinda 20 kwa 16.

Uhusiano wa namna hiyo haununuliwi, ila unavunjika kwa urahisi. Fedha za televisheni zilivuruga ligi yao, A&M ikahama, na baada ya 2011 misimu 12 ikapita bila timu hizo kukutana. Waliporejeana Novemba 2024, walikuwapo wahitimu wa vyuo vyote viwili waliomaliza masomo pasipo kuliona pambano hilo hata mara moja. Hao, kwa maoni yangu, walidhulumiwa.