Chujio la barua taka na amana ya katibu



Kisanduku cha baruapepe cha msikiti wetu hupokea barua nyingi za uongo: bahati nasibu tusizocheza, mirathi ya watu tusiowajua, mikopo isiyo na dhamana. Kila moja niliibonyeza kuwa ni taka, na programu ikajifunza kutoka kwangu.

Mafunzo yenyewe yako hivi. Chujio huhesabu maneno. Neno likikithiri katika barua taka na kuadimika katika barua njema, hupewa uzito wa tuhuma. Barua mpya ifikapo, uzito wa maneno yake huunganishwa kwa kanuni ya uwezekano inayonasibishwa na Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Mwaka 2002 Paul Graham, mtaalamu wa programu za kompyuta, alieleza chujio alilolifunza kwa barua taka zipatazo 4,000 na barua njema kiasi hicho hicho. Katika kila barua taka 1,000, zilizolipenya hazikufika 5, wala halikuituhumu barua njema hata moja. Maneno ya barua njema aliyahesabu mara mbili kwa makusudi, kwa kuwa kumzuia mkweli ni kosa zito kuliko kumpitisha mwongo.

Mimi sikuwa na hadhari hiyo. Nilipoona tu "msaada", "yatima" au "benki", nilibonyeza bila kusoma. Hivi karibuni, nikitafuta risiti, nilikuta humo barua ya kijana aliyemwombea mama yake mjane zaka ya kununulia dawa. Ilikuwa imelala siku 19. Tulimfikia, alhamdulillah, lakini dawa alikwisha kuzikosa kwa wiki mbili.

Chujio halikuniasi, lilifuata nilichokifundisha. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki khabari, na wajibu huo haukabidhiwi mashine. Sasa kila Alhamisi baada ya Isha napitia kisanduku chote cha taka, na barua njema naitoa kwa kubonyeza kuwa si taka, ili chujio nalo lisahihishwe.

Nawanasihi makatibu wenzangu wa misikiti na madrasa wafanye vivyo hivyo. Na aliyetuandikia asijibiwe, asidhani tumempuuza. Aje ofisini baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.