Turudishe Msaragambo Kuuokoa Udongo Wetu

Ndugu zangu wa Lembeni, Kilomeni, Usangi na Ugweno, na ninyi wa upande wa Same, wa Suji, Vudee na Mamba: kabla ya mvua zijazo, naomba tufanye kazi moja kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Tupime udongo wa mashamba yetu, na pale vipimo vitakapoonyesha kwamba umeshika tindikali, tununue chokaa ya kilimo kwa pamoja na kuisambaza kwa pamoja. Mtu mmoja mmoja atashindwa kazi hii. Kijiji kikiamua, kitaiweza.

Malalamiko yanayoshuka kutoka milimani ni yale yale kila msimu. Mahindi yanaota vizuri, yakifika usawa wa magoti yanadumaa na majani yanageuka rangi ya zambarau. Maharage yanatoa vitumba vichache. Mkulima anaongeza mbolea, msimu unaofuata anaongeza tena, na mavuno hayalingani na fedha aliyoacha duka la pembejeo. Mmoja analaumu mbegu, mwingine analaumu mbolea kwamba ni feki, wa tatu anasema shamba limechoka. Tumebaki kubahatisha, na kubahatisha kunatumalizia akiba.

Milima yetu inapata mvua nyingi kuliko tambarare, na mvua hiyo ndiyo inayotulisha. Lakini maji yanayopenya ardhini mwaka hadi mwaka yanaondoka na kalsiamu na magnesiamu, madini yanayoufanya udongo uwe mpole kwa mizizi. Kila gunia la mahindi tunaloshusha sokoni, na kila mzigo wa mabua tunaoupeleka kwa ng'ombe bila kurudisha samadi, unachukua sehemu yake. Juu ya hayo tunaweka mbolea za SA, Urea na DAP kila msimu. Zote huongeza tindikali zikitumika miaka mingi bila udongo kurudishiwa kilichotoka, na SA ndiyo inayozidi. Sisemi tuache mbolea, kwani bila mbolea tutavuna kidogo zaidi. Nasema tunailipia mbolea halafu tunaizuia isifanye kazi.

Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimo cha pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7, na chini yake ni tindikali. Mahindi na maharage hustawi zaidi kati ya 5.5 na 7. Hatua moja tu ya kipimo hiki ni tofauti ya mara 10: udongo wa 5 una tindikali mara 10 zaidi ya wa 6. Ukishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Ng'oa mhindi uliodumaa uangalie: mizizi ni mifupi, minene, haina matawi. Mmea wa namna hiyo hauwezi kufuata maji chini, kwa hiyo jua la wiki mbili, ambalo shamba la jirani linalivumilia, linauangusha. Alumini hiyo pamoja na chuma huinasa fosforasi ya mbolea ya kupandia, na ndipo rangi ya zambarau inapotokea. Kwenye mizizi ya maharage, bakteria wanaotengeneza vinundu na kuupatia mmea naitrojeni kutoka hewani nao hudhoofika.

Tiba yake inajulikana duniani kote: chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa laini. Iliyotokana na dolomaiti huongeza magnesiamu pia. Rwanda na Ethiopia zimeifanya kuwa shughuli ya taifa, na magharibi mwa Kenya wakulima wadogo huitumia, wengine wakiiweka kidogo kidogo kwenye mistari ya kupandia kila msimu kwa sababu hawawezi kulipia shamba zima kwa mara moja.

Hapa naomba watu wa Same mnisikilize kwa makini, maana tuna jambo letu wenyewe. Makanya kuna jasi, na jasi ni nyeupe, ni unga, na iko karibu. Jasi si chokaa. Ina kalsiamu, lakini haipandishi pH. Anayeimwaga kwenye shamba la mlimani akitegemea itaondoa tindikali amepoteza fedha ya mzigo na ya usafiri. Jasi ina kazi yake nyingine yenye thamani, kwenye udongo wa tambarare ulioshika magadi. Vilevile chokaa ya kupaka ukuta, ile iliyochomwa, ni kali: inaunguza ngozi na macho, na haifai kumwagwa shambani kwa kukisia.

Hiyo ndiyo sababu ya kusema tupime kwanza. Familia nyingi za Upare zina shamba la mlimani na jingine la tambarare, na mashamba hayo mawili hayana ugonjwa mmoja. Huku chini Lembeni mvua ni haba, na kuna maeneo ambayo udongo wake una chumvi au magadi. Ukiweka chokaa pasipo na tindikali, mahindi yatakosa zinki na chuma, na utakuwa umenunua tatizo jipya. Mtu asikudanganye kwamba kuna dawa moja ya wilaya nzima.

Kupima hakuna uchawi. Tembea shambani kwa kukata kona, chukua udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20. Epuka palipokuwa na zizi, jalala, majivu au kichuguu. Changanya wote kwenye ndoo safi, isiyowahi kubeba mbolea, chukua nusu kilo, anika kivulini, andika jina, kitongoji na zao. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maofisa ugani na vifaa vya kupimia udongo kwa halmashauri. Tuviulizie, kwa heshima lakini kwa msisitizo, Mwanga na Same. Kwa vipimo vya kina zaidi kuna maabara ya TARI Mlingano, Muheza, na ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nauli ya kupeleka fuko moja la udongo Muheza inamkatisha mtu tamaa. Mafuko 60 ya kijiji kizima, akiyapeleka mjumbe mmoja, ni safari ile ile moja.

Hesabu ya chokaa inasema hivyo hivyo. Tuseme vipimo vimependekeza tani 2 kwa hekta. Hiyo ni takribani kilo 800 kwa ekari, yaani mifuko 16 ya kilo 50. Mashamba mengi ya mlimani ni madogo, na robo ekari itahitaji mifuko 4. Nani atakodi lori kwa mifuko 4? Lakini lori la tani 10 linabeba mifuko 200, na mifuko 200 ni kaya 50 za robo ekari. Lembeni iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Mzigo unaweza kushushwa hapa, na gari dogo likaupandisha mlimani. Kaya 50 tunazo kitongoji kwa kitongoji. Kinachokosekana ni orodha, mweka hazina anayeaminika na tarehe.

Nasi si wageni wa kazi za namna hii. Ndiva zetu, yale mabwawa ya maji ya kumwagilia, hazikuchimbwa na mfadhili. Wapare walizijenga, wakazifukua tope, wakatengeneza mifereji na kugawana maji kwa zamu, na asiyefika kwenye msaragambo alijulikana. Wazee walioshuka hadi Same mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru ya wakoloni hawakushuka mmoja mmoja. Msaragambo ule ule unatosha kusambaza chokaa, kwa sharti moja: siku ipangwe kwa busara. Ijumaa wenzetu wako msikitini, Jumamosi Wasabato wako ibadani, Jumapili makanisa mengine yamejaa. Siku nne zilizobaki zinatutosha.

Chokaa imwagwe mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, isambazwe sawasawa na kuchanganywa na udongo kwa jembe hadi sentimita 15 au 20. Ikiachwa juu, mvua ya kwanza itaishusha bondeni. Isiwekwe siku moja na Urea, SA au samadi mbichi, kwa sababu naitrojeni itapotelea hewani. Ikiwekwa kwa kipimo cha shamba zima, kazi yake huonekana kwa misimu mingi, kwa kawaida miaka 3 hadi 5, ndipo tupime tena. Mwenye uwezo mdogo aanze na samadi iliyooza vizuri na majivu ya jikoni kwenye kipande kimoja, vyote vinasaidia. Pale penye tindikali, mbolea ya Minjingu kutoka Manyara hutoa fosforasi yake vizuri na ina kalsiamu. Na matuta yafufuliwe, maana hakuna faida ya kununua udongo mzuri na kuuacha uteremke.

Kwenu mlioko Dar es Salaam, Arusha na Moshi: kila Desemba mnapanda nyumbani na mnachangia harusi, misiba na makanisa. Mchango wa mwaka huu uwe na fungu la chokaa kwa shamba la mama. Mtavuna huko huko, kwa kutotuma fedha ya unga kila mwezi.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi 3. Mwambie mwenyekiti wako wiki hii aweke upimaji wa udongo kwenye ajenda, mwalike bwana shamba au bibi shamba wa kata, na siku hiyo njoo na nusu kilo ya udongo wa shamba lako mkononi.